Distopia: Nchi Mbaya Iliyopangwa Vizuri

Tarehe 12 Machi 1868 Bunge la Uingereza lilikuwa likijadili hali ya Ireland. Njaa ya viazi iliyoua watu wapatao milioni moja ilikuwa imeanza zaidi ya miaka ishirini nyuma, lakini ardhi ilikuwa bado mikononi mwa makabaila, na serikali haikuona haraka ya kubadili kitu. John Stuart Mill, mwanafalsafa aliyekuwa mbunge wa Westminster, alisimama kuipinga. Kwa kawaida anayedai mageuzi ndiye anayeitwa mwotaji, mtu wa utopia. Siku hiyo Mill aliwageuzia kibao. Alisema watetezi wa sera ile hawastahili hata jina hilo, maana utopia haiwezekani kwa uzuri wake, na wanachokitaka wao hakiwezekani kwa ubaya wake. Akawaita wadistopia.

Kwa hiyo neno ambalo leo hubandikwa kwenye majalada ya riwaya na mabango ya filamu lilipitia siasani kabla ya kuzoeleka katika fasihi. Wahakiki walilichukua kwa dhati katikati ya karne ya 20, baada ya Glenn Negley na J. Max Patrick kulitumia katika mkusanyo wao wa maandiko ya utopia wa mwaka 1952. Asili yake ni Kigiriki: topos ni mahali, na dys ni kiambishi cha ubaya au kasoro, kilekile ambacho madaktari wanacho katika majina ya maradhi. Utopia ni ya Thomas More, aliyeiandika kwa Kilatini mwaka 1516 na kulipa jina lake mzaha wa kisomi: maana yake ni mahali pasipokuwapo, lakini mlio wake ni wa mahali pazuri.

Mfasiri anayelileta neno hili katika Kiswahili kwa njia ya mkato hupata "mahali pabaya", na hapo hajapata kitu. Jalala ni mahali pabaya. Kituo cha basi saa nane usiku ni mahali pabaya. Akijaribu "jinamizi" atakuwa amesogea kidogo, lakini jinamizi humkaba mtu usingizini na hakuna aliyelipanga. "Kiama" nacho ni cha Mungu. Mafuriko, tauni na ukame ni majanga, hata yakiteketeza nchi nzima. Distopia ina ofisi. Ina sheria zilizopigwa chapa, fomu za kujaza, watumishi wanaolipwa mwisho wa mwezi na sherehe za kitaifa zenye gwaride. Mara nyingi ina watu wanaoamini kwa moyo mweupe kwamba wanajenga nchi njema. Tafsiri isiyobeba jambo hilo inamwachia msomaji ganda, kokwa imedondoka njiani.

Ndiyo maana filamu ya miji iliyobomoka na maiti wanaotembea haipati jina hili kwa kuwa tu inatisha. Swali la kuuliza ni nani anatawala, na kwa utaratibu gani.

Waliolijibu swali hilo mapema walikuwa wanariwaya. Yevgeny Zamyatin, mhandisi wa meli aliyefungwa na serikali ya mfalme wa Urusi na baadaye akafungwa pia na Wabolsheviki, aliandika mnamo 1920 na 1921 riwaya ambayo jina lake kwa Kiswahili ni Sisi. Katika Dola Moja aliyoibuni, watu wana namba badala ya majina na wanaishi katika nyumba za vioo. Mapazia hushushwa kwa kibali, kwa saa zilizopangwa. Nchini mwake kitabu kilizuiwa, kikatoka kwanza kwa Kiingereza mwaka 1924. George Orwell alikihakiki katika gazeti la Tribune mwezi Januari 1946, na Juni 1949 akatoa Nineteen Eighty-Four, ambamo kioo cha Zamyatin kimegeuka runinga inayomtazama anayeitazama. Kati yao alipita Aldous Huxley, mwaka 1932, na hoja tofauti kidogo: dola haihitaji virungu ikiwa raia wamepewa dawa ya kuwaliwaza na wamezoezwa tangu chupa za maabara kupenda tabaka lao. Margaret Atwood, alipoandika habari za wajakazi wa Gilead mwaka 1985, alijiwekea sharti la kutotia katika nchi ile jambo lolote ambalo binadamu hawajawahi kulitenda mahali fulani katika historia. Sharti hilo linaeleza distopia kuliko fasili nyingi za vitabuni. Msomaji anapelekwa nchi ngeni, lakini kila tofali la nchi hiyo limechukuliwa kutoka ukuta uliokwisha kusimama.

Kiswahili, kwa bahati, kina neno zuri kwa utawala wa namna hii: utawala wa kiimla. Imla ni zoezi la darasani. Mwalimu anasoma, watoto wanaandika alichosema, na anayeongeza neno lake amekosea. Kazi ya Winston Smith katika Wizara ya Ukweli ya Orwell, ya kuandika upya magazeti ya zamani ili yakubaliane na alichosema mkubwa leo, ni imla ya nchi nzima.

Distopia haikubaki katika riwaya za maneno matupu; iliingia pia katika vitabu vya katuni, na huko nako kuna istilahi yenye utata. Wamarekani walianza kuviita vitabu vizito vya katuni "graphic novel" katika miaka ya 1960. Richard Kyle alilipendekeza jina hilo mwaka 1964, na Will Eisner akalieneza alipotoa A Contract with God mwaka 1978. Kwa Kiswahili wapo wasemao riwaya ya picha. Tatizo ni kwamba picha kwa Waswahili ni nyingi: ya ukutani, ya pasipoti, hata ile ya sinema. Tena Afrika Mashariki ilikwisha kuwa na hadithi za picha kwa maana ya picha za kamera, kama zile za mpelelezi Lance Spearman ambazo vijana wa miaka ya 1960 na 1970 walizigombania. Katuni nalo limezoea kuchekesha. Aliyekua na Chakubanga wa Christian Gregory katika Uhuru, au Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, akisikia katuni hutabasamu kabla hajafungua. Riwaya ya michoro ni jina lisilo na mvuto mkubwa, lakini linasema kweli, na ndilo linalotumika hapa. Alan Moore, mwandishi ambaye hakuna awezaye kuujadili uwanja huu bila kumtaja, huliona jina la Kiingereza kuwa hila ya wauza vitabu tu.

Moore na mchoraji David Lloyd walianza V for Vendetta katika jarida la Uingereza la Warrior mwezi Machi 1982. Jarida likafa mwaka 1985, hadithi ikiwa haijaisha. Kampuni ya DC ya Marekani ikaimalizia mwaka 1988 na 1989. Uingereza ya hadithi hiyo imenusurika vita vya nyuklia na kuangukia mikononi mwa chama cha kifashisti. Vyombo vya dola vina majina ya viungo. Jicho linaendesha kamera. Sikio linasikiliza simu. Pua inapeleleza, Kidole kinakamata, Mdomo unatangaza, na juu yao kipo Kichwa, ambaye ni kiongozi aliyeipenda kompyuta yake kama mtu ampendavyo mke.

Hapa ndipo undugu wa Moore na Orwell unapoonekana, na tofauti yao pia. Wizara za Orwell zimepewa majina ya uongo: ya Upendo inatesa, ya Amani inapigana, ya Ukweli inaghushi. Majina ya Moore ni ya kweli kabisa, na ukweli wake unatisha zaidi. Ufashisti huliona taifa kuwa mwili mmoja. Raia ni kiungo chenye kazi yake, na asiyefanana na wengine ni ugonjwa wa kukatwa. Katika hadithi hiyo watu weusi, mashoga na wafuasi wa siasa za kushoto walikwisha kupelekwa kambini. Msomaji anayeona neno Kidole kwenye mlango wa kituo cha polisi amepewa falsafa nzima ya utawala ule bila mhusika yeyote kuhutubia.

Mchoro unaweza kingine ambacho nathari inakipata kwa shida. Lloyd aliamua mapema kwamba hakutakuwa na maandishi ya milio, yale ya bunduki na milango, wala vile viputo vya kuonyesha mhusika anachowaza. Matokeo yake mara nyingi msomaji haingii kichwani mwa mtu. Anaona nyuso, vivuli na mikono kutoka nje tu, fremu baada ya fremu. Orwell alikuwa amefanya kinyume: alimfungia msomaji ndani ya fuvu la Winston, sentimita chache za ujazo ambazo dola ilikuwa haijaziteka. Kwa Lloyd, anayeshika kitabu ndiye kamera. Anapeleleza bila kutaka. Hoja ni ileile ya kisiasa, kwamba upelelezi humharibu anayetazama na anayetazamwa, lakini riwaya inaihubiri na mchoro unaitenda.

Kuna njia nyingine, fupi ajabu, inayowaunganisha Waingereza hawa na Hispania. Mapema mwaka 1937 Orwell alikuwa mpiganaji wa kujitolea katika mahandaki ya Aragon, akipigana na jeshi la Jenerali Franco, aliyekuja kuwa dikteta wa Hispania. Kwa mbali aliweza kuiona Zaragoza, mji uliokuwa umeshikwa na adui. Miaka kumi baadaye, mwaka 1947, katika mkoa huohuo wa Zaragoza alizaliwa Carlos Ezquerra. Alikulia chini ya Franco, akahamia Uingereza katika miaka ya 1970, na mwaka 1977 akamchora Judge Dredd wa jarida la 2000 AD, aliyebuniwa na mwandishi John Wagner. Tai mkubwa begani na kofia inayoficha macho vilitoka katika nembo na sare alizozijua tangu utotoni. Dredd anakamata, anahukumu na kutekeleza adhabu hapohapo barabarani. Vijana wengi walimpenda kwa pikipiki yake. Wagner na Ezquerra walikuwa wakimkejeli.

Si kila mtunzi aliyechora udhalimu alipona. Héctor Germán Oesterheld wa Argentina aliandika El Eternauta kati ya 1957 na 1959, ikichorwa na Francisco Solano López. Theluji yenye sumu inaanguka Buenos Aires. Majirani waliokuwa wakicheza karata wanajifungia ndani, wanashona mavazi ya kujikinga, kisha wanajiunga na wengine kupambana na wavamizi. Kadiri wanavyopigana wanagundua kwamba kila adui wanayekutana naye ni mtumwa wa mwingine. Viumbe werevu wanaoendesha vita wamepandikizwa tezi inayowaua wakiogopa, ili wasiasi. Watawala wenyewe wanaitwa Wao tu, na hawaonekani kamwe. Kwa kipimo kikali hiyo ni hadithi ya uvamizi, lakini maelezo yake ya jinsi hofu inavyopangwa ngazi kwa ngazi yanakaa sawa na ya Zamyatin. Mwaka 1969 Oesterheld aliiandika upya pamoja na mchoraji Alberto Breccia, safari hii mataifa makubwa yakiwatupia wavamizi Amerika ya Kusini ili yajiokoe. Jarida lililoichapisha likaikatiza. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 1976 aliingia mafichoni. Mwaka 1977 akakamatwa na wanajeshi, asionekane tena. Binti zake wanne nao walichukuliwa na utawala huohuo.

Wazo linalosumbua zaidi katika fasihi hii halihusu madikteta. Linahusu raia. Katika Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury, ya mwaka 1953, mkuu wa wazimamoto anaeleza kwamba vitabu havikuanza kuchomwa kwa amri. Watu walikuwa wameviacha wenyewe, wakataka vifupishwe, visiudhi mtu yeyote, kisha kiberiti kikaja kumalizia. Huxley alikwisha kusema jambo la jamaa na hilo. Moore naye anampeleka shujaa wake, V, katika kituo cha televisheni kulikaripia taifa kama bosi anavyomkaripia mfanyakazi mvivu: mliwaachia wale waongo kwa sababu kuamua wenyewe kulikuchosheni. Waandishi hawa hawakubaliani kuhusu dawa. Orwell alikuwa msoshalisti aliyeamini bunge na sheria; Moore ni mwanaharakati wa fikra za kukataa dola kabisa. Winston anavunjwa mpaka anampenda mtesaji wake. V analipua majengo, anaua, hata anamtesa msichana aliyemwokoa ili eti ajifunze uhuru, na Moore anamwachia msomaji kuamua kama huyu ni mkombozi au kichaa. Kukubaliana kwao kuko kwenye chanzo cha ugonjwa.

Wazo likichorwa vizuri linaweza pia kuibwa. Mnamo 1950 idara ya siri ya propaganda katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza iliagiza Animal Farm ya Orwell igeuzwe katuni ya magazetini, ikachorwa na Norman Pett na kusambazwa nchi mbalimbali kama silaha dhidi ya ukomunisti. Filamu ya vikaragosi ya 1954, iliyofadhiliwa kwa siri na CIA, ikaubadilisha mwisho: wanyama wanawapindua nguruwe. Hadithi kuhusu wakubwa wanaofuta maandishi ukutani usiku ikafutwa sehemu na wakubwa wengine. Wasomaji wa Kiswahili waliipata salama zaidi, kupitia Shamba la Wanyama ya Fortunatus Kawegere, iliyotolewa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1967. Sura ya V nayo ilipatwa na yake. Waandamanaji wa 2011 waliokaa kwenye mahema kupinga mabenki walivaa kinyago cha Guy Fawkes kwa mtindo wa Lloyd, na kwa kila kinyago halali kilichouzwa, kampuni kubwa ya Time Warner ilipata sehemu yake.

Je, Waswahili walisubiri neno hili lije na meli? Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, miaka miwili baada ya riwaya ya Orwell, akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni Tanganyika. Nchi yake iko angani. Waziri Majivuno anamshitaki Karama kwa kosa la kutaka kufundisha elimu ya sheria, na Karama, katika kujitetea, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote za ulimwengu, wakarudi na mapendekezo ya kuinufaisha nchi, wakatupwa gerezani kwa shukrani. Hakuna runinga wala kompyuta humo. Lakini ofisi ipo, baraza lipo, utaratibu upo, na kosa kubwa kuliko yote ni kurudi nyumbani na wazo. Jina lake pia lina makali: More aliita nchi yake pasipokuwapo, Shaaban aliita yake panaposadikika.

Haifai kuvuta kamba kupita kiasi. Mfalme wa Kusadikika hatimaye anasikia na kuwaachia wafungwa, jambo ambalo hakuna mtawala wa Orwell angelifanya. Kitabu ni tashtiti yenye matumaini. Katama Mkangi, Mkenya aliyeonja kizuizini katika miaka ya 1980, alitoa Walenisi mwaka 1995 na kuweka pande zote mbili katika kitabu kimoja. Dzombo anahukumiwa kifo katika nchi ya dhuluma, anasafirishwa na chombo kilichokusudiwa kumwangamiza, anatua kwenye jamii ya usawa ambayo jina lake ni sentensi: wale ni sisi. Distopia na utopia zinatazamana, na msomaji anaweza kuzifananisha ukurasa kwa ukurasa.

Kwa sababu ya jozi hiyo, kukopa kuna faida. Kiswahili kimekwisha kuipokea utopia. Distopia inakaa kando yake kwa sauti na kwa maana, haina konsonanti za kumtesa msemaji aliyezoea posta na stesheni, na inazaa bila taabu: riwaya ya kidistopia, fikra za kidistopia, distopia hizi. Neno la kubuniwa, hata likiwa tamu, lingevunja jozi. Kinachohitaji kazi ni maelezo yanayolifuata. Kamusi ikiandika "nchi ya kufikirika yenye maisha mabaya" itakuwa imeorodhesha jalala tena. Iandike hivi: distopia, nomino ya ngeli ya i-/zi-, ni jamii ya kubuniwa ambayo mateso ya watu wake yametokana na mfumo wa utawala uliopangwa, aghalabu kwa jina la amani, usafi, maendeleo au furaha. Chini yake, kwa mfano wa matumizi, watunga kamusi wasihangaike na London wala Gilead. Watumie kesi ya Karama.